Sanda ya Mama Dauda

Saidati alikuwa akiosha maiti wa kike wa mtaa wa Mbugangari tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na tuseme ukweli, alikuwa amechoka. Mgongo unauma, magoti yanauma, na watu hawaachi kufa. Kila msiba aitwe yeye tu, kana kwamba Gisenyi nzima haina mwanamke mwingine mwenye mikono!

Alipofariki Mama Dauda, shoga yake wa tangu usichana, hata kuinama juu ya mkeka hakuweza. Akamwambia Dauda, dereva wa lori, kijana mrefu ajabu: "Mupime mama yako wewe, mwanangu. Mi mugongo imekataa."

Dauda akapima kwa mkono wake, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, huku analia. Zamani ingetosha. Aliyempima maiti ndiye aliyekwenda dukani kupima kitambaa, kwa mkono uleule, basi. Lakini mwaka ule wa hamsini na tano dukani kwa Kadiri palikuwa na fimbo ya mita, na mikono ya watu haikutakiwa tena. Saidati akagawanya kama walivyofanya wote: mikono miwili, mita moja. Akamtuma jirani akanunue.

Walipokwisha kumwosha wakatandika sanda. Masikini, haikufika! Nyayo za Mama Dauda zilibaki nje. Fimbo ya Kadiri ingejuaje kuwa mkono wa Dauda unapita nusu mita? Saidati ndiye aliyepaswa kujua. Nje wanaume walikuwa wanangoja na jeneza, Kadiri akiwa mmoja wao, duka amelifunga.

"Mulete sanda yangu," Saidati akasema. "Iko kwa sanduku, chini ya kitanda."

"Mama, ile si ya kwako mwenyewe?" wanawake wakashtuka.

"Kwani mi nakufa leo? Mulete!"

Wakaitandika chini ya ile nyingine, miguu ikasitirika. Mama Dauda akaenda amefunikwa vizuri, na Saidati akarudi nyumbani kwenye sanduku tupu.

Asubuhi yake akaingia dukani kwa Kadiri. "Nataka sanda. Ya kwangu."

"Mita ngapi, mama?"

Saidati akaitazama ile fimbo ya mita. Kuhesabu tena, kugawanya tena, halafu siku yenyewe aje mwingine akosee kama alivyokosea yeye? La, hapana. Akavua viatu, akajinyoosha sakafuni mbele ya wateja.

"Pima."

"Mama, subhanallah! Amuka, watu wanaangalia."

"Waangalie. Pima toka kichwa hadi nyayo, halafu uongeze pa kufungia."

Kadiri akapiga magoti na fimbo yake. Alipomaliza akamshika bega ili amwinue. Saidati hakuinuka. Saruji ilikuwa baridi, na mgongo ulikuwa umenyamaza kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

"Kata polepole, baba," akasema, macho ameyafumba. "Niache kidogo hapa."