Kipande cha Mama Kwenye Kibao

Wifi yangu hatikisi chupa ya soda, wala hakubali mtu amimine maji kwa fujo mbele yake. Akiona povu anakunja uso kana kwamba umemtukana. Ni mke wa kaka yangu, fundi wa maabara hospitalini, na uadui wake na povu ameuleta hadi jikoni kwetu. Kwa kweli anachosha.

Daktari akimtoa mgonjwa uvimbe wa saratani, wifi huletewa kipande. Hukikata vipande vyembamba sana na kuviweka ndani ya vibao vya plastiki angavu, kila kibao ukubwa wa kiberiti. Ndani ya kibao mna vijia vyembamba kama uzi, na pampu husukuma humo maji yenye lishe, tone kwa tone, ili nyama idhani bado imo mwilini. Kibao kimoja hupigwa mionzi, cha pili huachwa hivi hivi, kisha wanalinganisha seli zilivyokufa. Povu likiziba kijia, chakula hakipiti na nyama inakufa njaa. Ndiyo maana maji ya friji lazima yapashwe joto taratibu na kutolewa hewa kabla ya kuingia kwenye pampu. Kazini wanamwita Bi Polepole, naye anaitika.

Safari hii mgonjwa alikuwa mama yetu. Walimtoa uvimbe shingoni, akakubali kipande kiende kwa mkwe wake. Daktari akasema mionzi ianze mapema ili kumaliza mabaki, la sivyo ugonjwa utarudi. Mama akagoma.

"Siendi kuchomwa bure. Tuone kwanza kile kipande. Mionzi ikikiweza, nami nitakwenda."

"Mama, ule ni utafiti," wifi akamwambia. "Bado tunajifunza. Majibu yake hayampangii mtu tiba. Daktari kasema uende, nenda."

"Si ndiwe unayekilisha? Basi kilishe vizuri."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilibembeleza, nikanuna, kaka akapiga simu akafoka mpaka sauti ikamkauka. Mama hata hakutikisika. Kila asubuhi anamuuliza wifi, "Mwenzangu kaamkaje?" Mwenzake ndiyo hiyo nyama! Na wifi, badala ya kumkatia maneno, anajibu, "Hajambo, mama." Nilitamani kuwafungia wote wawili chumba kimoja nitupe ufunguo. Siku zinakwenda, kidonda kimeshafunga, na mwenye shingo anasubiri habari za plastiki.

Siku ya kukipiga mionzi ikafika. Wifi alivuka uani kwenda kuhakikisha mashine iko tayari. Huku nyuma mkuu wa maabara akaingia na wageni, anataka waone pampu zote zinafanya kazi. Mfanyakazi mwenzake wifi akaona maji ya pampu yanakaribia kuisha. Akafungua friji, akajaza yaleyale ya baridi. Haraka haraka, jamani! Maji yalipopata joto ndani ya kabati lenye joto la kutunzia vibao, yakaachia hewa. Wageni wakashukuru, wakaenda zao. Wifi aliporudi, povu lilikuwa limeziba vijia vya vibao vyote viwili.

Jioni aliingia nyumbani na koti lake jeupe, hakukumbuka hata kulivua. Akasimama mbele ya mama.

"Kimekufa, mama."

Uso wa mama ukachangamka. "Mionzi imekiweza?"

Hapo ndipo moyo uliponiuma. Alidhani ni habari njema.

"Hapana. Hata hakikufika huko. Mtu katia maji ya baridi, povu likaziba. Kimekufa njaa." Akaanza kulia. "Angesubiri yapate joto tu, mama! Kusubiri tu!"

Mimi nilipandwa na hasira, nikasema maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, juu ya mkuu, wageni na friji yao. Mama hakunisikiliza. Alikuwa anapapasa kovu lake shingoni, polepole, mara mbili tatu. Nikajiandaa kwa mabishano mapya, maana sasa hakukuwa tena na kipande cha kusubiri.

"Hakuna kingine walichobakiza?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Basi nimebaki mimi." Akamvuta wifi akae karibu naye. "Kesho nipeleke. Ila huyo wa maji baridi asinisogelee."