Niliweka kwenye git mafaili yangu tu, faili la mizani nikaliacha

Wakuu, salama? Hii siyo chai. Mficha uchi hazai, ngoja niseme.

Baada ya soko huria, kila mwenye mtaji alikuja kununua pamba kwetu Simiyu. Nikapata kazi ya IT kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, Bariadi. Aliyeniombea ni mjomba wangu, karani wa mizani hapo hapo.

Kompyuta ya mizani ilikuwa ya Linux. Nikajifunza git, programu ya kutunza kila badiliko la mafaili, kichwa kikavimba.

Kwenye .gitignore, orodha ya vitu vya kutotunzwa, nikapiga nyota, yaani puuza vyote, halafu nikaruhusu mafaili niliyoandika mimi tu: network, printer, hadi rangi za menyu. Ndiyo, rangi.

Mjomba akauliza, "Mjomba, na lile ninalorekebisha mimi umeliweka?"

Kila asubuhi alipima mawe ya kilo zinazojulikana. Mizani ikidanganya, anasahihisha namba kwenye faili lake. Darasa la saba, lakini hakuwahi kukosea.

Nikamjibu, "Limo, usijali."

Halikuwemo. Nililiona uchafu tu.

Katikati ya msimu diski ikafa. Asubuhi ile mjomba alikuwa ameshapima mawe yake. Mchana nikarudisha kila kitu kutoka kwenye repo, ghala langu la git, nikajisifu mbele ya bosi. Faili la mizani likatoka kwenye CD iliyokuja na mizani, likiwa na namba za mtengenezaji, siyo za mjomba.

Mizani ikaanza kupunja.

Wakulima wa Kimali wakashtuka, wakapeleka gunia moja kwa mnunuzi wa jirani. Kilo zikapishana. Wakarudi wamewaka.

Bosi akasema karani kachezea mizani.

Mjomba akasema, "Bosi, mwambie huyu mpwa wangu afungue kompyuta. Kila namba niliyobadilisha imo mle."

Nikafungua. Rangi za menyu, commit kumi na tisa, yaani mara kumi na tisa nimezitunza. Mizani, hata moja.

Nikasema, "Halimo."

Sikusema nani aliliacha; mjomba akaamini lilipotea na diski, na kwamba nililitafuta ili nimwokoe. Niliogopa kibarua kuota nyasi. Mjomba akafukuzwa siku ile ile, akaondoka na jina la mwizi wa mizani.

Somo: ukichagua mafaili ya kutunza, waulize kwanza wanaoyagusa kila siku. Na ukikosea, sema palepale. Mimi najichukia, wakuu.

Karibuni, hata matusi nitasoma. Mjomba hayumo humu, hawezi kuwajibu. Akinikuta kwenye watu ananishika bega, anawaambia, "Huyu ndiye alijaribu kunitetea."