Kikosi cha Zimamoto cha Mzee Kondo

Wananchi wote wa Kilosa na vitongoji vyake, mnaosikia na mnaojifanya hamsikii, mnatangaziwa kwamba mwishoni mwa enzi za ruksa wilaya yetu ilipata kikosi cha zimamoto. Kikosi kilikuwa na magari sita mekundu, ya chuma, yote mazima. Hakikudai mafuta wala posho. Makao yake makuu yalikuwa juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwa Bonifas Kondo, na gari lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa na urefu wa mswaki.

Kabla ya kuwa kamanda, Mzee Kondo alikuwa mtu wa pampu kwenye korona, ile mashine ya kukwangulia mkonge, katika shamba moja nje ya mji. Maji yakikatika, korona inasimama; korona ikisimama, bwana mkubwa anapiga kelele, na jina linalopigiwa kelele ni Kondo. Alipenda sana kuitwa. Angeacha hata ugali wa moto. Kisha ukaja uchumi huria, ukagawa uhuru kwa kila mtu, naye ukampa uhuru wa kutokwenda kazini. Shamba likafungwa. Wakamuaga kwa soda, hotuba, na saa ya ukutani, ili ajue vizuri ni saa ngapi hana la kufanya.

Akaenda Mikumi kutafuta kazi kwenye mahoteli ya watalii. Hakupata, kwani Mikumi wenye ajira ya kudumu ni tembo. Akaishia kwenye baa ya mama mmoja aitwaye Sesilia, mbele ya televisheni yenye chenga kama mvua ya vuli, na hapo ndipo maisha yake yalipoharibika.

Kilikuwa kinaonyeshwa kipindi cha zamani cha Kimarekani. Kwao kilishachuja, Mikumi kilikuwa kibichi kabisa. Kengele inalia, wanaume wanateleza kwenye nguzo, magari saba mekundu yanatoka mbio yakifuatana, la ngazi likiwa la mwisho. Wateja wakakiita "Faya." Kondo hakuelewa Kiingereza chao hata neno moja, lakini alielewa kwamba wale watu kila siku walikuwa wanaitwa.

Na juu ya televisheni, pamoja na maua ya plastiki, kulikuwa na gari dogo la ngazi, lenyewe kabisa, lenye alama ya kipindi mlangoni: tai aliyevaa kofia ya chuma. Mtalii alilisahau. Kondo akaliomba.

"Hilo pambo la baa, mzee wangu," Sesilia akasema. "Ukiniletea kitu cha kuning'iniza ukutani, tutaongea."

Akarudi Kilosa akiwa na ugonjwa. Sokoni, Yohana muuza mitumba alikuwa akifungua belo la viatu na midoli, na humo, katikati ya madubu yasiyo na macho, lilitoka gari la kwanza lenye tai mlangoni. Baadaye la pili. Kondo akawa hakosi hata belo moja. Aliyasugua kwa majivu na ndimu, akayarudishia rangi kwa brashi ya unyoya wa kuku, akayapanga. Yalipofika sita, likawa limebaki la ngazi tu. Alichotaka ni kuyaona yote saba yamepangwa mstari mmoja, kama yanavyotoka pale kengele ikilia. Mara moja tu. Mwanaume mzima, mwenye binti aliyeolewa.

Angefaulu, kama si Kiswahili fasaha.

Maana siku moja pale sokoni alimuuliza Yohana kwa sauti ya mtu aliyesoma madarasa ya jioni na kufaulu: "Leo hakuna gari la wazimamoto?"

"La faya, mzee?"

"La wazimamoto. Faya ni neno la kuazima, kijana. Sisi tuna lugha yetu."

Nyuma yake Bibi Anastazia, mwanamke aliyezaliwa kambi ya mkonge enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba, na kuwazika karibu wote waliozaliwa naye, alikuwa akipima sketi. Sketi ikamponyoka.

"Wewe Kondo. Umesema magari ya nani?"

"Shikamoo, bibi. Ya wazimamoto. Ninayo sita nyumbani."

Bibi Anastazia hakuitikia marahaba. Kwa Kilosa, mtoto wa mtu akisema shikamoo nawe usiitikie, hilo tayari ni shauri.

Vijana hawajui, basi tuwaeleze. Kwa wazee wa kambi za mkonge, wazimamoto hawakuwa watu wa kuzima moto. Walikuwa wanyonya damu. Walitembea jioni na gari jekundu, wakamkamata manamba anayetoka kilabuni, wakamning'iniza miguu juu, wakamkamua kama ng'ombe, damu ikaenda Ulaya kutengenezwa dawa. Ukibisha, unaulizwa: "Kilosa nzima nani aliwahi kuona moto ukizimwa? Sasa walikuwa wanazima nini?" Swali hilo halina jibu hadi leo. Kama Kondo angesema faya, kama walevi wa Mikumi, bibi angenunua sketi yake akaenda zake.

Wiki hiyohiyo mtoto wa Marselina, jirani wa ukuta mmoja na Kondo, akawa mweupe midomo na viganja. Hospitali wakasema ni safura, mtoto ana minyoo, apewe dawa na avalishwe viatu. Lakini safura ni nini mbele ya magari sita mekundu? Mtaa ukafanya utafiti wake, ukapata jibu lenye mantiki ambayo hata chuo kikuu hawana: gari kubwa linanyonya watu wazima. Gari dogo, je?

Kondo akaitwa kwa balozi wa nyumba kumi, Bwana Gabrieli, mtu aliyependa maneno mazito kama wengine wanavyopenda nyama. Baraza likajaa hadi uani. Kondo akaja na gari moja mkononi, eti athibitishe.

"Hili ni la kuchezea, ndugu zangu. Tazameni. Hiki hapa ni kibomba."

"Umeona!" akapiga kelele Marselina. "Mrija huo!"

"Mama, haupitishi hata maji."

"Maji haupitishi, kwa kuwa si kazi yake!"

"Tulia, mama," balozi akasema. "Mzee Kondo, una magari mangapi?"

"Sita. Bado moja tu, liko Mikumi. Nikilipata, kikosi kimekamilika."

Kisha Bibi Anastazia akajifunga kanga vizuri kiunoni, akasema taratibu: "Akikamilisha, tumekwisha."

Watu wakataka magari yatupwe mtoni Mkondoa jioni hiyohiyo. Kondo akapiga magoti. Hakupiga magoti siku ile shamba linafungwa, lakini hapo alipiga.

"Nakuombeni. Niacheni nilete la ngazi, niyapange yote saba, niyaone. Mkishaniona nimeyaona, nitayatupa mwenyewe."

Balozi akakohoa. Hakutaka kuwaudhi watu, na hakutaka kumuudhi mtu anayejua kunyonya damu. Akatoa lile neno lililozijenga ofisi zote za nchi hii: "Shauri lako linashughulikiwa."

Kondo akaamini. Ndivyo walivyo watu wa pampu: ukiwaambia maji yanakuja, wanakaa na spana.

Asubuhi akaing'oa saa ya ukutani, akaifunga kwenye shuka, akapanda basi la Mikumi akiwa ameipakata kama mgonjwa. Sesilia akaipenda saa mara moja.

"Sasa hawa walevi watajua saa za kufunga. Chukua gari lako, mzee wangu, kwa moyo safi."

Kondo akalitwaa. Tai alikuwepo mlangoni, tairi zote zilikuwepo. Juu, mahali pa ngazi, palikuwa na vitundu viwili.

"Mama Sesilia, ngazi iko wapi?"

Sesilia akanyoosha kidole dirishani. Nje, kwenye ncha ya mwanzi wa antena, ngazi ndogo ya chuma ilikuwa imefungwa kwa waya, inang'aa juani. Fundi alijaribu kijiko, akajaribu mfuniko wa sufuria. Ngazi ndiyo iliyoleta picha. Kondo akatoka, akaushika mwanzi. Ndani chenga zikamwagika, na baa nzima ikapiga yowe moja.

"Mzee! Mzee! Acha hapohapo!"

"Ukikigusa hicho kitu tutakutafuna!"

"Mnaangalia Faya?" Kondo akauliza kupitia dirishani, akiwa bado ameushika mwanzi.

"Faya ipi? Ilishakwisha hiyo. Ni mieleka siku hizi."

Akauachia mwanzi.

Aliporudi Kilosa alimkuta mkewe Filomena mlangoni, bila sufuria ya vitumbua. Tangu baraza lile hakuna aliyenunua vitumbua vyake, na bombani wanawake walihama foleni kila akitua ndoo.

"Pole na safari, Baba Salome."

"Nimeshapoa."

Akaingia. Juu ya kabati kulikuwa na vikombe.

"Walikuja," Filomena akasema. "Nikawapa mwenyewe. Usiniangalie hivyo. Wewe ulikuwa na magari, mimi nilikuwa na majirani." Akakalia kigoda, akaanza kulia bila sauti. "Mkondoa umejaa, Baba Salome. Usiende kuyatafuta."

Kondo hakwenda. Alisogeza vikombe, akaliweka gari la saba pale juu, peke yake, likitazama ukuta. Mtoto wa Marselina alikuwa bado mweupe viganja, bado anatembea peku.

Jioni balozi akaja na nusu ya mtaa nyuma yake, Bibi Anastazia akiwa mbele. Akavua kofia, akasimama katikati ya sebule kama anayezindua daraja.

"Mzee Kondo, kwa niaba ya wananchi, tunakushukuru kwa ushirikiano wako. Tumekaa, tumejadili, tumepima kwa hekima. Gari la ngazi halina bomba, kwa hiyo halina madhara kwa jamii. Kwa kauli moja tumeridhia ubaki nalo, liwe ukumbusho wa busara yetu sote. Gari la ngazi ni lako, halali yako!"

Watu wakapiga makofi. Balozi akangoja makofi yaishe, akainama kidogo kwa heshima.

"Je, mzee wetu, una neno kwa wananchi?"

Kondo akalitazama gari, akawatazama wananchi.

"Ngazi iko Mikumi," akasema.