Siku Tulipomrudisha Emamba Mtoni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa viganja vyangu husisimka, kana kwamba bado nimeshika mshipi.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya upande wa Kimwani, koo mbalimbali pamoja, na kila ukoo ulikuja na machipukizi ya migomba yake na muziro wake. Muziro, kama hujafundishwa, ni kile ambacho ukoo haukili wala kukiua. Wa kwetu ni kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka anayependa matope. Kwa Kihaya tunamwita emamba. Sasa majirani zetu wa ukoo mwingine walimpenda kamongo kuliko nyama ya mbuzi. Unaona shida ilipo.

Sisi vijana tulitaka kuanzisha kikundi cha uvuvi. Mto ulikuwa pale bondeni, maji yake ya uvuguvugu, umejaa samaki aina ya ngege. Lakini Tata, baba yangu, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alikataa.

"Wavu hauchagui," alisema. "Mtaua emamba, halafu mje kuniambia ni bahati mbaya."

Na bila ukoo wetu kikundi kisingekuwapo, maana vijana wengi tulikuwa sisi.

Aliyetuonyesha njia ni Mwalimu Athumani, mtu wa Pangani aliyepangiwa shule yetu. Kwao, pale mto unapokutana na bahari, yeye na kaka zake walivua kwa ndoana, na samaki wasiyemtaka walimrudisha majini mzima. Alitufundisha kubana kwa koleo kile kijino cha ndoana ili itoke bila kuchana, na kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki, kwa sababu mkono mkavu humvua ule utelezi unaomkinga. Nikampelekea Tata habari hizo.

"Nawapa siku moja," akasema. "Nitakuja kutazama. Emamba akifia mikononi mwenu, mtarudi kulima kahawa na msinitajie mto tena."

Basi tukashuka asubuhi: mimi, Mwalimu, rafiki yangu Byabato wa ule ukoo wa walaji wa kamongo, na vijana wengine. Tata akakaa juu ya ukingo, fimbo magotini. Ngege wakaanza kuja. Wakubwa tuliwatia vikapuni, wadogo tukawaachia, na kila aliyeachiwa Tata alimfuata kwa macho mpaka anapotea.

Ghafla mshipi wangu ukavutwa kama kamba ya ng'ombe mkaidi. Nikavuta, nikaregeza, nikavuta. Kichwa kikatokea juu ya maji, nami nikapiga kelele kwa lugha ya mama:

"Emamba! Emamba!"

Mwalimu alikuwa amemjua kwa jina la kamongo tu. Alichosikia yeye ni mamba. Alipasua matete, na tulipomwona tena alikuwa juu ya ukingo nyuma ya Tata, amebaki na kiatu kimoja.

Byabato alicheka mpaka akakaa kwenye tope. "Rudi, Mwalimu! Huyo hali watu, waitu, ndugu yetu! Sisi ndio tunaomla!"

Kisha akamtazama vizuri yule samaki, na kicheko kikaisha, akaniambia: "Kaijage, umeona alivyonona? Ndizi za leo zingekuwa na bahati. Mpitishe upande wangu. Tata hataona."

"Tata hajapepesa macho tangu asubuhi," nikamwambia. "Ukimchukua huyu, hatuvui tena. Nisaidie, ndugu yangu."

Byabato akaguna, akaingia majini, akaukumbatia ule mkia. Mwalimu naye akashuka. "Mngeniambia mapema kwamba kwenu mamba ni kitoweo," alisema, huku akilowesha mikono. Akaitoa ndoana taratibu. Lakini samaki alikuwa amelegea kabisa.

"Mzamishe," akasema Mwalimu, "maji yapite mashavuni." Ndivyo walivyofanya kwao, na kwa samaki wengi ni sawa. Lakini nilikuwa nimewaona emamba tangu utotoni wakija juu ya maji kuvuta hewa.

"Huyu anapumua kama sisi, Mwalimu. Tumwinue kichwa!"

Akaniamini. Tukakiinua pamoja. Uvuvi wetu wote ulikuwa umelala pale, umelegea. Kisha emamba akafungua mdomo akavuta hewa kwa sauti, kama mzee anayeonja chai ya moto. Akavuta tena. Akampiga Byabato kofi la mkia shavuni, akazama, akaenda zake.

Ilikuwa shangwe, mwanangu! Tulirukaruka majini kama ndama.

Tata akateremka polepole, akavua makubazi, akakunja suruali. Nikadhani atatuamuru turudi nyumbani.

"Ndoana nyingine iko wapi?" akauliza.

Jioni ile koo zetu mbili zilikula ngege kutoka chungu kimoja, na kikundi chetu kikaishi. Byabato na wenzake walikwenda kutafuta kamongo wao kwenye kinamasi cha mbali, na hakuna aliyewakataza.

Sasa nisikilize. Jambo jipya likikujia na wazee wakalikataa, usiwabishie haraka, wala usilitupe. Uliza kwa upole wanachokiogopa. Tata hakuwa na ugomvi na uvuvi. Alikuwa na hofu moja tu, na hofu moja inaweza kupatiwa dawa. Ujuzi wa mgeni upokee, kisha uongezee wa kwenu. Na mwenzako asiyeshika mwiko wako, mweleze na umwombe. Mara nyingi atakusaidia, hata kama mate yanamtoka.

Mungu akupe mikono inayojua kushika na inayojua kuachia. Akupe wenzio wa kucheka nao majini, na kila uendako urudi na kikapu kizito na wazee wakikungoja kwa furaha.