Kwenye Saiti Wananiita Jinsia

Admin, naomba unifichie jina, maana huku kwetu tunajuana wote. Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, nina mtoto mmoja, sijaolewa, naishi kwa mama huku Keza, wilaya ya Ngara. Nimesomea uashi chuo cha ufundi na cheti ninacho. Nalisema mapema kwa sababu najua wapo watakaouliza.

Kijijini ulikuja mradi wa kujenga bweni la wasichana. Mkutanoni tukaambiwa mradi unazingatia jinsia, lazima na wanawake wawe mafundi. Jamani nilifurahi, nikasema Mungu kanikumbuka. Siku ya kwanza nikaenda na mwiko wangu na timazi. Msimamizi, mtu mzima wa kumwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, halafu akawageukia wenzake: "Haya, jinsia yetu imefika." Wakacheka. Tangu hapo sina jina jingine. Jinsia, lete maji. Jinsia, maharage bado? Mwiko naushika siku wanapokuja wageni wa mradi tu. Siku hiyo natafutwa mbio, navalishwa kofia ngumu, nasimamishwa penye ukuta nipigwe picha. Gari lao likishaondoka tu narudishwa kwenye masufuria.

Nilivumilia, mwisho nikamfuata msimamizi. Nikamwambia, "Baba, naomba nijenge hata kozi moja tu ya matofali, uone kazi yangu." Alinijibu kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniuma kuliko matusi. "Mwanangu, wewe ulichukuliwa kama jinsia, hukuchukuliwa kama fundi. Mafundi ninao."

Sasa bweni limekwisha na wiki ijayo linakabidhiwa. Mimi ndiye niliyepangwa kusoma risala, nieleze mradi ulivyoniinua mimi mwanamke. Kaiandika msimamizi mwenyewe. Anasema nikiisoma vizuri atanibeba kwenye mradi wa madarasa kule Nyamahanga, Biharamulo. Nikamuuliza, "Huko nitajenga?" Akasema, "Tutaona." Mama naye kaniambia, "Soma tu, mwanangu, usije ukafanya kibarua kikaota nyasi kwa ajili ya mdomo." Simlaumu, mtoto wangu anakula kwake. Lakini nina hasira.

Jana wanafunzi waliletwa kufagia vyumba. Binti mmoja wa kidato cha pili akanifuata, "Shikamoo dada fundi." Akasema na yeye anataka kusomea uashi, baba yake anamkatalia, nimwonyeshe ukuta niliojenga mimi ili akamwambie. Nilinyoosha kidole. Ukuta ule sijaweka hata tofali moja. Akaenda akaushika kwa mkono, akanichekea kwa furaha.

Siku ya risala huyo binti atakuwa amekaa mbele yangu. Ndugu zangu, ingekuwa ni wewe, ungesoma?