Mridula wa Chechelesi

Katika Isiolo nzima namjua Mridula mmoja tu aliye mtu mzima, naye ni Mturkana wa mtaa wa Chechelesi. Babake, Emuria, alimpa jina la mke wa mwenye duka alimofanyia kazi, mama wa Kihindi aliyemkimbiza mke wa Emuria hospitalini kwa gari uchungu uliposhika. Ni jina la Kisanskriti, na maana yake ni mpole.

Mridula huyu ni muuguzi. Mjukuu wangu alipozaliwa kabla ya miezi kutimia, na mamake, Sheila, akawa hajiwezi, Mridula alimbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, siku kumi na tisa, hata baada ya zamu yake kuisha.

Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa babake, yaani langu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mjane wa Gathogo, na mila za nyumba yetu sijawahi kuzichezea. Siku ya kuandikisha mtoto, mwanangu Macharia alishika kalamu aandike Rahab.

"Ngoja," nikasema. "Andika Mridula."

"Mama! Watu wa kanisa watasema nini?"

"Waambie Rahab bado yuko hai. Hana haraka ya kurithiwa."

Mridula, aliyekuwa akikunja leso ya mtoto, akacheka huku akifuta macho. "Shosho, utamsumbua huyu. Mimi shuleni waliniita Mirinda, kama soda, mpaka darasa la nane."

"Basi utamfundisha kuwajibu."

Macharia akaandika. Nilitaka kumshukuru yule muuguzi kwa kitu cha thamani, na sikuwa na cha thamani kuliko nafasi hiyo ya jina langu.