Kasha Lililokataa Namba ya Kweli

Namba niliijua. Mume wangu aliniambia mwenyewe, maana ndani ya kasha lile la chuma mlikuwa na pasi ya binti yetu na barua ya hospitali ya Tanzania, alikokuwa anasubiriwa kupasuliwa moyo. Gari la kwenda Kobero, mpakani, lilikuwa linaondoka saa saba mchana. Na mume wangu tulikuwa tumemzika jana yake tu, hapohapo Muyinga.

Asubuhi nilibonyeza namba kwa pupa, nikakosea mara mbili. Basi! Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, akanisogeza kando. "We uko na huzuni. Acha mi nijaribu." Akaweka mwaka aliozaliwa marehemu. Mjomba naye akaweka namba ya pikipiki. Kila aliyekuja kutoa pole aliona kubonyeza ni namna ya kunifariji, na kasha likalia pii, pii, pii, taa nyekundu.

Nikampigia fundi aliyetuuzia kasha, yuko Gitega. "Mama, mmebonyeza mara ngapi?" Sijui! "Aa, mmeharibu. Likikosewa mara kadhaa linajifunga lenyewe dakika ishirini. Mkiligusa kabla hazijaisha, linaanza kuhesabu upya. Hata namba ya kweli litaikataa. Donc, kwa hiyo asiguse mtu."

Nikawaambia. Nani anisikilize? Mjane wa jana, mbele ya wakwe! Saa sita ikapita, shemeji bado kidole kwenye vitufe. Hasira zikanipanda. "Tokeni! Mtaniulia mtoto!" Nikamsukuma shemeji kifuani, mimi huyu, watu wote wa msibani wakiona, nikafunga mlango.

Nilikaa sakafuni dakika ishirini nzima, nikimwomba Mungu asigonge mtu. Kisha nikabonyeza polepole tarehe ya kuzaliwa binti yangu. Taa ya kijani. Likafunguka.

Pasi iko mkononi, ndipo akili ikanirudia. Mimi niko eda, sivuki mpaka. Aliyebaki wa kumpeleka mtoto ni baba yake mkubwa, yule niliyemsukuma.

Nikatoka uani, nikapiga magoti mbele ya mkeka wake. "Shemeji, nisamehe. Mpeleke mtoto."

Hakunitazama. "Sema kwa nguvu. Wazee hawajasikia."

Nje dereva anapiga honi. Nikaomba radhi tena, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, mpaka akanyoosha mkono kuchukua pasi.